Maji Yanajaa Rainham

Gurudumu la mbele la kushoto liliwapita.

Gaudensia aliliona kupitia kioo cha mbele, likibingirika lenyewe juu ya kokoto, jeusi, likiingia kwenye ukungu bila haraka, na kwa nusu sekunde hakuelewa ni la nani. Kisha pua ya Land Rover ikaanguka upande mmoja. Usukani ukamponyoka. Chuma kikakwaruza mawe kwa kelele iliyomfanya aume ulimi, gari likajizungusha, likatoka kwenye ukanda wa kokoto na kusimama likiwa limechomeka uso wake ndani ya tope.

"Zima!" Yogesh alipiga kelele. "Zima injini, Sista!"

Akazima. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko ile kelele. Alifuta ukungu wa pumzi kwenye kioo ili aone walipo, akakuta ule wa nje haufutiki.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba, mwaka 1993, saa tatu kasoro asubuhi, kwenye ukingo wa Mto Thames upande wa Rainham, pale ambapo London inachoka kuwa mji na kugeuka majani, mitaro na matope. Maji yalikuwa yamekupwa. Walikuja kujaribu gari. Jumanne yake lilikuwa lipelekwe bandarini Tilbury, lipakiwe melini, lende hadi zahanati moja ya misheni huko Karagwe, ambako Gaudensia alizaliwa na ambako wakati wa masika wajawazito hubebwa kwa machela kilomita kumi na saba, kwa kuwa hakuna gari linaloweza ile barabara. Yeye, muuguzi mkuu wa wodi ambaye kila mtu alimwita Sista, na wauguzi wenzake wa Kitanzania walihangaika miaka miwili kulipata. Likapatikana bovu, wakalitengeneza. Wakapata na matairi mapana ya kukanyagia tope, lakini kila usukani ulipokatwa yalikuwa yanakwaruza springi.

Hapo ndipo alipoingia Yogesh. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma, umri miaka hamsini na saba, mzaliwa wa Mwanza aliyehamia Uingereza mwaka 1972, mkazi wa Rayners Lane, mwenye karakana chini ya daraja la reli huko Kilburn. Kiswahili chake kilikuwa kile kile alichoondoka nacho. Alilizunguka gari mara moja, akasema dawa yake ni spesa. Ni duara nene la alumini linalokaa kati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na rimu, ili gurudumu lisogee nje kama vidole viwili. Alizikereza mwenyewe zote nne, hakutaka hata asante, akazifunga Ijumaa na Jumamosi. Ila alimwonya Gaudensia jambo moja. Nati zinazobeba kila kitu sasa ziko ndani, nyuma ya rimu, hazionekani. Ukishaenda maili chache lazima usimame, uvue magurudumu, uzikaze tena.

Walipofika Barking asubuhi ile, Yogesh alionyesha kituo cha petroli kwa kidole. "Sista, tuingie hapo. Nusu saa tu, nikaze nati za ndani."

Gaudensia alitazama saa. Shifti yake wodini ilianza saa nane mchana. "Tukifika, Fundi," alisema. "Tukifika utakaza."

Walipofika, maji yalikuwa mbali na ufuko mtupu mbele yao, na yeye ndiye aliyesema washuke ufukoni kwanza, nati baadaye.

Walilikuta gurudumu hatua arobaini mbele, limelala, spesa yake bado imeng'ang'ania kwenye rimu. Yogesh alichuchumaa, akapitisha kidole ndani ya lile duara, akakitazama. Kidole kilikuwa na unga wa rangi ya kahawia. Alikaa akiutazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nini?" aliuliza Gaudensia.

"Hakuna." Akakifuta kidole kwenye suruali.

Walilibingirisha hadi kwenye gari. Kati ya bolti tano za habu, mbili zilikuwa zimekatika na tatu zimebaki na meno.

"Tatu zinatosha?"

"Kurudi Kilburn, hapana. Kufika kwenye tuta, ndiyo. Tutafunga gurudumu bila spesa, twende taratibu." Alikuwa ameshaanza kufungua. "Lete jeki na ile mbao."

Mbao ilikuwa moja tu. Waliiweka kwenye tope, jeki juu yake, jeki chini ya fremu, na Yogesh akapampu hadi drami ya breki ikajitoa matopeni kwa mlio wa kunyonya. Kisha akafanya wanavyofanya mafundi wote wa zamani. Aliketi chini mbele ya habu, akanyoosha miguu, akalipandisha gurudumu juu ya miguu yake ili alinyanyue kwa vifundo badala ya kuumia mgongo. Gaudensia alisimama juu yake akililenga kwenye bolti.

"Kulia kidogo. Kidogo. Hapo..."

Alisikia mbao ikipasuka. Haikuwa sauti kubwa. Jeki ikalala ubavu, na tani nzima na zaidi ya chuma ikashuka. Gurudumu lilimrukia Gaudensia kifuani likamtupa chali. Alipoinuka, Yogesh alikuwa amekaa vile vile, mikono imeshika tope pande zote mbili, uso umekuwa wa majivu, na mguu wake wa kushoto, kuanzia chini ya goti, haukuwepo. Ulikuwa chini ya drami.

Hakupiga kelele. Alisema, kwa sauti ya kushangaa, "Umeingia, Sista."

Miaka kumi na tano ya wodi ilifanya kazi kabla ya woga. Alipiga magoti, akapitisha mkono ndani ya tope baridi akiufuata mguu hadi pale ulipobanwa. Tope lilikuwa laini. Ndilo lililomponya, kwa kuwa mguu ulisukumwa chini badala ya kusagwa. Lakini juu ya kifundo mfupa ulikuwa umekaa vibaya, na alipougusa Yogesh alitoa sauti kupitia meno.

"Umevunjika. Damu hainitishi. Vidole unavihisi?"

"Nahisi vyote. Ningependa nisihisi."

Alichimba kwa mikono, kisha kwa kifuniko cha sanduku la vifaa. Kila alichotoa kilirudi. Alichimba hadi kucha mbili zikang'oka, na shimo lilikuwa vile vile, kama mtu anayechimba uji. Akasimama, akaita msaada kwa Kiingereza kuelekea alikodhani ni nchi kavu, akaita tena, na ukungu ukazila sauti zote. Simu za mkononi wakati ule walikuwa nazo watu wengine.

Alipogeuka, aliona kitu kikimeta nyuma ya gari.

Maji hayakuja kama wimbi. Yalikuja kimyakimya, ulimi mwembamba wa rangi ya chai uliojipenyeza kwenye alama za matairi yao wenyewe, ukajaza moja, ukahamia nyingine. Alitazama ukifika kwenye bampa ya nyuma. Yogesh naye aliuona.

"Hapa maji yanapanda mita sita," alisema. Aliwahi kufanya kazi miaka minne kwenye yadi ya kutengeneza matishari, vyombo bapa vya kubebea mizigo, karibu na pale, ndiyo maana aliijua njia ya kushukia. "Kwa saa sita. Mwanzoni polepole, halafu katikati yanakimbia."

"Kwa hiyo tuna muda gani?"

Yogesh aliangalia kifua chake, alivyokaa. "Mimi? Saa moja. Na kidogo."

Gaudensia aliingia chini ya gari kwa tumbo. Jeki ilikuwa imezama, kichwa tu kinaonekana. Aliizungushia mikono, akaivuta, ikakataa. Akaivuta tena huku akiizungusha kama jino, ikatoka. Lakini ataiweka juu ya nini? Vipande vya mbao viliingia topeni kama visu alipovijaribu. Alitazama kila kitu walichokuwa nacho, kimoja kimoja, kama anavyotazama trei ya vifaa kabla ya upasuaji, akaona gurudumu.

"Nikililaza gurudumu, litazama?"

Yogesh alifumbua macho. "Halitazama haraka. Pana lile." Akafikiri. "Lakini chini ya fremu halipiti, gari limeshuka. Tumia bampa ya mbele. Weka vipande vya mbao juu ya rimu, jeki juu yake. Pampu taratibu. Na usiwe mbele ya gari likiteleza."

"Wewe je?"

"Mimi sina pa kwenda."

Alilaza gurudumu chini ya bampa, akapanga mbao, akasimamisha jeki. Maji yalikuwa yamemfikia Yogesh kiunoni. Alipampu. Gurudumu lilizama kidogo, likazama tena, kisha likakaa. Bampa ikalia. Akapampu akihesabu kwa Kinyambo bila kujua, lugha ya nyanya yake, na drami ikapanda unene wa kidole, wa vidole viwili, wa ngumi.

"Vuta!" alisema Yogesh.

Alimkamata kwapani akavuta. Hakusogea. Tope lilikuwa limemshika kwa kumnyonya, kama mdomo. Akavuta tena hadi akaona nyota. Jeki ililia, ikainama kidogo upande.

"Subiri," Yogesh alisema akihema. "Subiri. Maji. Tope linashika kwa sababu hakuna maji ndani. Acha yaingie."

Kumwambia mtu asubiri maji yale lilikuwa jambo la kichaa, lakini alimwelewa. Alipitisha mkono kando ya mguu, akatengeneza njia kwa vidole, maji yakaifuata, akapanua, yakaingia zaidi, tope likaanza kuwa jepesi. Yogesh alitikisa goti huku machozi yakimtoka bila sauti. Maji yalipomfika chini ya kifua, Gaudensia alimvuta kwa mara ya tatu na mguu ukatoka bila kiatu, na wote wawili wakaanguka nyuma ndani ya maji. Jeki iliteleza sekunde chache baadaye. Gari lilishuka pale alipokuwa amekaa.

Walilala wakihema. Gaudensia alicheka, cheko fupi baya, kisha akanyamaza kwa kuwa maji yaliingia masikioni.

"Tuta liko wapi?" aliuliza Yogesh.

"Nyuma yako."

"Una hakika?"

Alitazama. Ukungu ulikuwa sawa pande zote. Mahali fulani kengele za kanisa zilikuwa zinalia, na alipogeuza kichwa zilionekana kulia upande mwingine. "Sina."

Alimwegemeza kwenye boneti, akatembea kuelekea alikodhani ni tuta akihesabu hatua. Kwenye hatua ya thelathini na mbili mguu haukupata chini. Alirudi nyuma kwa kishindo. Lile korongo walilolivuka asubuhi likiwa na maji ya kulowesha matairi tu lilikuwa limejaa, linakimbia, limebeba povu na matawi. Yeye peke yake labda angelivuka. Aliliona wazo hilo likija, akalitazama vizuri, akageuka kurudi akihesabu hatua zile zile.

"Upande wa nchi kavu umefungwa," alisema. "Kuna mkondo."

Yogesh aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetarajia. "Basi nenda, Sista. Unaogelea?"

"Sisikii unachosema."

"Nasema..."

"Nimesema sisikii. Lile tishari tulilolipita. Lile la zege. Lilikuwa upande gani?"

Lilikuwa tishari lililojengwa kwa zege wakati wa Vita Kuu ya Pili, likaachwa pale likioza polepole, peke yake kwenye tope. Walilipita dakika chache kabla gurudumu halijatoka. "Mkono wa kushoto tulipokuwa tunakuja," alisema Yogesh. "Mwishoni mwa kokoto. Lakini kokoto zimeshafunikwa."

"Sihitaji kuziona," alisema Gaudensia, akavua viatu.

Boneti ya Land Rover ya zamani ukiifungua na kuisukuma pembeni inatoka yote kwenye bawaba zake. Yogesh alimwelekeza, yeye akaitoa, akaigeuza ikawa kama sinia kubwa la alumini. Alimlaza juu yake, akamwekea spana ya magurudumu kifuani kwa kuwa hakutaka kuacha kila kitu, akafunga kamba ya kuvutia gari kwenye ndoano ya boneti na kuipitisha begani. Kisha akaanza kutembea, akitafuta mawe kwa nyayo. Alipokanyaga kokoto alijua yuko njiani. Alipokanyaga ulaini alirudi nusu hatua na kujaribu upande mwingine. Boneti iliteleza nyuma yake, nusu juu ya tope, nusu majini, na kila ilipogonga jiwe Yogesh alisema neno moja la Kigujarati ambalo Gaudensia hakuhitaji kutafsiriwa.

Nyayo zilikatika. Halafu hakuzihisi tena, na hilo lilimtisha zaidi, maana ndizo zilizokuwa macho yake. Ikabidi apige magoti na kupapasa kwa viganja. Alitambaa hivyo, maji mapajani, hadi kitu kikubwa cheusi kikatokea juu yao, na harufu ya kutu na mwani.

Ubavu wa tishari ulikuwa ukuta uliosimama wima, umepita kichwa chake. Alipapasa kuuzunguka hadi akafika mahali zege lilipopasuka na nondo kutokeza. Ukingo wa ule ufa ulikuwa usawa wa paji lake la uso. Alijaribu kumwinua Yogesh. Alijaribu mara mbili. Mikono yake haikuwa na kitu tena.

Alisimama akimshikilia dhidi ya ukuta, maji kiunoni, akatazama juu kwenye ufa na chini kwenye maji. Akafanya hesabu iliyomwogopesha.

"Fundi, siwezi kukupandisha. Maji yataweza."

Yogesh alielewa mara moja. Meno yake yalikuwa yanagongana. "Muda gani?"

"Mpaka yafike."

Aliitundika boneti kwa kamba kwenye nondo, akapitisha mkono mmoja kwenye nondo nyingine, mkono wa pili akamkumbatia Yogesh kifuani kutoka nyuma. Wakasubiri. Huo ndio muda aliokuja kuuota baadaye, si ule wa jeki. Hakukuwa na la kufanya. Ukuta nyuma, ukungu mbele, na maji yakipanda mwilini kidogo kidogo kama mtu anayewapima nguo: mbavu, kifua, makwapa. Baridi iliacha kuwa maumivu ikawa usingizi. Kila Yogesh alipoinamisha kichwa Gaudensia alimng'ata sikio.

"Mwanamke gani wewe?" alinong'ona.

"Wa Karagwe. Taja mitaa ya Mwanza."

Alitaja. Akachanganya, akarudia, akataja duka la baba yake na duka lililofuata, na maji yakawanyanyua. Miguu ya Gaudensia haikugusa tena chini. Akamsukuma Yogesh kwa bega, Yogesh akashika ukingo wa ufa, akapandisha goti la mguu mzima, akajivuta huku akilia kwa sauti kubwa kwa mara ya kwanza, akapotea ndani. Kisha mkono wake ukarudi kumtafuta.

Juu ya tishari kulikuwa na mahali pakavu penye ukubwa wa chumba cha kulala. Gaudensia aliivuta boneti kwa kamba. Alichana shati lake la ndani, akauweka mguu wa Yogesh kati ya vipande viwili vya nondo vilivyokatika, akaufunga. Akamvua koti lililolowa, akalikamua, akamkumbatia mgongo kwa kifua chini ya boneti iliyowakinga na upepo. Kiu ilikuwa imewashika wote wawili, kiu ya ajabu kati ya maji yote yale, na hakukuwa na cha kunywa. Chupa ya chai ilibaki kwenye gari. Gari halikuonekana. Pengine lilikuwa limeshafunikwa.

Kila baada ya muda alitoa mkono na kuipiga boneti kwa spana, mara tatu, kisha mara tatu. Sauti ilikuwa kubwa, ya bati, ya kuudhi. Ilienda kwenye ukungu na haikurudi.

"Ni kosa langu," alisema Gaudensia. "Uliniambia tusimame Barking. Nilikuwa naharakia shifti."

Yogesh aliivuta boneti karibu zaidi. Kisha akasema, "Habu tatu nilizisugua kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa. Ya nne nilipitisha tambaa tu. Kulikuwa na kutu. Spesa ikikaa juu ya kutu, kutu inasagika, nafasi inabaki, nati zinalegea. Mwanagenzi wa mwezi mmoja anajua. Hata tungesimama Barking, labda zingelegea tena Karagwe, akiwa ndani mama mjamzito."

"Kwa nini hukusugua?"

"Nilikuwa nawaza mambo mengine. Sista, nikifa hapa, kuna jambo utamwambia mke wangu."

"Hufi."

"Sikiliza kwanza, halafu ubishe. Mimi na Pramila tulipata mtoto Mwanza. Wa kike. Miezi saba. Homa ilimchukua mwaka sitini na nane. Mtoto mdogo vile kwetu Wahindu hachomwi moto, anazikwa. Nilimbeba mwenyewe. Miaka minne baadaye tukaondoka, na Pramila akasema jambo hilo lisitajwe nyumbani, na halijatajwa. Watoto waliozaliwa hapa hawajui. Uliposema gari linaenda upande ule wa ziwa, nikakata shauri nilifuate. Nishuke Mwanza kwanza. Tiketi nimekata, nimeificha karakanani. Jumamosi nilikuwa na brashi mkononi, nafikiri namna ya kumdanganya mke wangu, nikachukua tambaa."

Gaudensia alimkaza mikononi. Alichukua spana akapiga boneti. Mara tatu. Mara tatu. Alipiga hadi bega likafa ganzi, akahamia mkono mwingine.

Maji yalifika ukingo wa ufa waliopandia, yakachungulia ndani, yakatandaza utando mwembamba juu ya zege na kulowesha nyayo zao. Walivuta miguu. Hakukuwa na mahali pengine pa kuivutia. Yalikaa pale. Gaudensia aliweka alama kwa macho kwenye doa la kutu na kulitazama bila kupepesa, na doa lilizama, likabaki limezama, na alipoanza Baba Yetu kwa mara ambayo hakuijua idadi, doa likatokeza tena.

"Fundi, yanarudi."

Yogesh hakujibu. Mtetemo wake ulikuwa umekoma, na muuguzi yeyote anajua maana yake. Alimpiga kofi. Akampiga jingine. Akaipiga boneti kwa nguvu yote, bila hesabu, akipiga kelele kwa Kiswahili, Kiingereza na Kinyambo, matusi na sala pamoja.

Kutoka kwenye ukungu, mahali pa chini, honi ilijibu. Fupi. Kisha sauti ya mwanamume ikauliza kwa Kiingereza, kwa utulivu mkubwa, kama anayeuliza kwenye dirisha la posta, wako wangapi.

"Wawili!" alipiga kelele Gaudensia. "Tuko wawili! Wote hai!"

Ilikuwa boti ndogo ya doria ya mto. Waliokuwamo walikuwa wameisikia ile bati kwa zaidi ya nusu saa na kuitafuta kwa kuzima injini na kusikiliza, kuzima na kusikiliza. Ilikuwa saa tisa kasoro.

Hospitali ilimpeleka Yogesh moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji. Gaudensia walimlaza kitandani chini ya mablanketi, akiwa mgonjwa kwa mara ya kwanza maishani, akiaibika kwa jinsi matandiko yalivyochafuka. Jioni mwanamke mfupi mwenye sari na koti la baridi juu yake aliingia, akasimama miguuni pa kitanda. Hakujitambulisha, na hakukuwa na haja.

"Atapona," alisema Pramila kwa Kiswahili. "Wamemwekea chuma."

Alitazama mikono ya Gaudensia iliyolala juu ya blanketi, tope limekauka kwenye mikunjo yote na pale kucha zilipokuwa. Akatoka. Alirudi na beseni la maji ya uvuguvugu, akavuta kiti, akaanza kuiosha, kidole kimoja kimoja. Maji yalipokuwa meusi alikwenda kuyabadilisha. Mara ya tatu alipoketi alisema, macho yakiwa kwenye beseni:

"Amekuambia habari za mtoto."

Gaudensia aliitikia kwa kichwa.

"Alipozinduka analia, anasema amemwambia Sista. Miaka ishirini na mitano." Alikausha kidole kwa ncha ya taulo. "Jina amekuambia?"

"Hapana, mama."

"Hawezi kulitaja yule. Mimi naweza." Alikunja taulo. "Vasanti."

Gaudensia alilirudia taratibu ili asilikosee, na Pramila akainamisha kichwa juu ya mikono ile iliyolowa, akakaa hivyo mpaka kengele ya kuwatoa wageni.

Trekta lilitoa gari matopeni siku ya nne. Ilichukua majira yote ya baridi kuosha injini, kubadilisha nyaya na kung'oa chumvi, na aliyekuwa akiifanya kazi hiyo akiwa amekaa kwenye kiti, mguu mmoja umenyooshwa, alikuwa Yogesh. Naye aliyemshikia taa alikuwa mke wake. Meli iliondoka Machi. Gaudensia aliomba likizo yake ya kwanza ndefu tangu aajiriwe ili awe Karagwe gari litakapofika, na mkubwa wake aliposema wodi haitamudu bila yeye, alijibu kwamba itamudu.

Juni, akiwa kwenye nyumba ya masista watawa misheni, aliitwa kwenye simu. Laini ilikuwa mbaya. Alisikia mtu anapumua, akajua ni nani, akasubiri. Yogesh alijaribu kuanza mara mbili akashindwa. Kisha simu ikahama mkono.

"Tuko Mwanza, Sista," alisema Pramila. "Majani makaburini yamekuwa mengi, tumehangaika tangu asubuhi. Lakini tumemwona."

"Mmemwona," alisema Gaudensia.

"Tumemwona. Sasa tunarudi kumfyekea."